Noeli Inafika, Mufuko Mutupu: Tuwatengenezee Watoto Nini?



Mwezi wa kumi na mbili ukianza, katika miji yetu ya Likasi, Kolwezi, Kambove, Fungurume na Kipushi, kuna ulizo moja linalotembea toka nyumba mupaka nyumba. Watoto wanauliza: «Baba, Noeli tutavala nini?» Mama anaangalia baba. Baba anaangalia chini. Na kisha ulizo lile linanyamaza, lakini halikufa. Mutoto mwenyewe anaanza kulitafutia jibu.

Mimi muchungaji ninalijua jibu hilo kwa sababu ninaliona siku ya Mungu. Juma mbili mbele ya Noeli, viti vya watoto vinabaki wazi. Wameenda wapi? Wameenda kuokota mabaki ya mawe, kuyaosha mutoni, kubebea wakubwa mifuko, ili wapate feza ya viatu. Na kipindi hiki ndicho kibaya kupita vyote: mvua imelowesha udongo, mashimo yanabomoka bila kutoa habari. Sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya kulinda mutoto inasema mutoto ni kila mutu asiyetimiza miaka 18, na inakataza asitumikishwe kazi zenye kumuharibu. Lakini sheria haikai nyumbani mwetu saa ya jioni. Sisi wazazi ndio tunakaa pale.

Kwa hiyo nimeona vema kuandika juu ya vitu ambavyo jamaa inaweza kutengeneza yenyewe kwa Noeli na Bonane, na namna ya kufika Bonane watoto wote wakiwa wazima. Simwambii mutoto kwamba nguo mupya ni zambi. Nguo mupya ni kitu kizuri. Ninasema tu kwamba kuna furaha nyingine, na kwamba mutoto mwenye kazi ya mikono nyumbani hatafuti kazi kariyeri.

Motoka ya waya

Nilikuwa mutoto katika kambi ya wafanyakazi. Mu Septemba 1990 mine ya Kamoto, kule Kolwezi, ilibomoka, na miaka iliyofuata shaba ikapunguka katika Katanga yote. Wasomaji wenye mvi wanakumbuka. Nyumbani mwetu nguo za Noeli zikakoma. Mwaka ule baba yangu hakutupatia maelezo yoyote. Alikaa chini ya muti wa maembe na koleo lake, akaanza kupinda waya. Siku ya tatu motoka ilikuwa imesimama. Nguo za Noeli za miaka ya mbele nimezisahau zote, hata rangi yake. Motoka ile ninaikumbuka mupaka namna ilivyokuwa ikilia juu ya changarawe.

Inatengenezwa hivi. Tafuta waya ya chuma yenye kupindika kwa mukono, kama ile ya kufungia matofali ao ya uzio wa zamani. Pinda kwanza chasi: pembe nne, urefu wa sentimeta 20 hivi, upana 10. Fanya ya pili sawasawa, hiyo ni ya juu. Unganisha hizo mbili na vipande vinne vya waya vyenye kusimama, na kila pahali waya zinapokutana, zifunge na waya nyembamba ao na kamba ya mupira wa ndani wa kinga. Mupira wa kinga unashika kupita waya, na hauumizi. Kwa magurudumu, kata sapato ya plastiki iliyoisha, ao chukua makopo mane ya rangi ya viatu. Ekseli ya nyuma inapita moja kwa moja. Ya mbele ndiyo yenye akili: inafungwa katikati tu, ili iweze kugeuka, na waya ndefu inapanda toka pale, inapita juu ya motoka, inarudi nyuma kama meta moja mupaka kwenye mikono ya mutoto. Mwishoni unaipinda kuwa usukani wa duara. Mutoto anakimbia nyuma yake na kukata kona kama shofere wa kampuni.

Ncha ya waya ni hatari kwa macho. Kila ncha lazima ipindwe kurudi ndani, kama sikio la sindano, na kazi ya kukata ibaki ya mukubwa. Jambo lingine, na hapa niseme kwa nguvu: waya isitoke kwenye kabuli ya umeme. Ninajua vijana wanaochoma kabuli ili kutoa shaba. Moshi wa plastiki ile ni sumu kwa kifua. Na wanaokata kabuli yenyewe, wengine wamekufa wakiwa wameishika. Kwa nini mutu afe juu ya motoka ya kuchezea?

Wasichana nao wanapenda motoka, usiwakataze. Lakini ikiwa mutoto anataka mwana wa kubeba mugongoni, nenda kwa fundi wa kushona, muombe vipande vya kitenge ambavyo anatupa. Kichwa ni kitambaa cheupe kilichojazwa vipande vingine na kufungwa shingoni. Mikono na miguu ni kitambaa kilichosokotwa. Macho uyashone na uzi mweusi. Usitie vifungo wala shanga, kwa sababu mutoto wa chini ya miaka mitatu atavitoa na kuvimeza, na vinaweza kumuziba pumzi.

Nyota, na ile hori ya kanisa letu

Nyota ya kupachika mulangoni inahitaji matete matano tu, karatasi, na gundi. Gundi usinunue. Chukua kijiko kimoja cha unga wa muhogo, koroga na vijiko vitano vya maji baridi, weka motoni ukizidi kukoroga mupaka inakuwa nzito na yenye kungaa. Rangi pia iko bure: makala yaliyosagwa ni nyeusi, udongo mwekundu wa kichuguu uliochungwa ni kahawia, na pemba ni nyeupe. Changanya na ile gundi. Mama zetu walipamba kuta za nyumba kwa udongo mbele dukani hakujafika kopo la rangi. Msivunje mawe ya radio ili kutoa unga mweusi, kama tulivyofanya zamani masomoni kwa kupaka ubao. Unga ule si wa mikono ya mutoto, na ya kinywa ni zaidi.

Juu ya rangi na mawe niko na habari ya kutubu. Miaka kadhaa iliyopita vijana wa kanisa letu walitengeneza hori ya Bwana Yesu pembeni ya mimbara. Walizungusha mawe mazuri: ya kijani, yale malakite tunayoyajua sote, meusi, na kati yao machache ya manjano yenye kungaa. Nikasimama mbele ya watu nikawasifu. Nilisema wametumia utajiri wa udongo wetu kumuheshimu Bwana. Watu wakapiga makofi.

Kisha ibada, muzee mumoja aliyefanya kazi miaka mingi chini ya udongo alinivuta pembeni. «Pasta, ile majiwe ya manjano, bana baliitosha wapi?»

Sikujua. Tukawaita vijana. Wakajibu: «Kule, muzee.» Mukono ukionyesha upande wa vilima vya mabaki.

Muzee akanielezea pole pole, bila kunipatisha haya. Katika Katanga yetu shaba na kobalti zinalala pahali pengine pamoja na iranyumu. Sote tunajua jina la Shinkolobwe, karibu na Likasi, ambapo ilitoka iranyumu iliyotumiwa kwa bomu za mwaka 1945; serikali iliifunga kwa amri mu 2004. Jiwe lenye iranyumu linaweza kuwa jeusi tu, lakini mara nyingi linajionyesha kwa manjano kali ao rangi ya chungwa. Halina harufu, halichomi mukono, na kwa macho hakuna mutu anayeweza kupima nguvu yake. «Mi siseme ni yenyewe,» akasema muzee, «nasema tu hatujue.» Jioni ile tuliyaondoa kwa koleo la udongo, tukayarudisha kule, tukaosha mikono na sabuni, tukapangusa sakafu na kitambaa chenye maji, bila kufagia vumbi. Watoto wadogo walikuwa wamekaa karibu na mawe yale ibada nzima, na mimi ndiye niliyewasifu.

Toka siku ile hori yetu inatengenezwa na majani makavu, matete na maganda ya muhindi. Hata malakite, ingawa ni jiwe la mapambo, isisagwe kutengeneza rangi. Vumbi la shaba likiingia tumboni linatapisha. Na mifuko ao vyombo vyenye kutoka kiwandani, ile migudulia ya manjano iliyobeba asidi, isitumiwe kwa mapambo wala kwa maji ya kunywa hata ikioshwa mara kumi.

Mikate, kalanga na munkoyo

Sasa tule. Kwa mikate ya mafuta, pima kilo moja ya unga wa ngano, gramu 150 za sukari, kijiko kimoja cha chachu, chumvi kidogo, na maji ya vuguvugu karibu sentilita 70. Piga kwa mukono dakika kumi, upigaji ndio unaoleta ulaini. Funika na kitambaa, uache saa moja na nusu pahali pa moto. Kisha unadondosha kwa vidole ndani ya mafuta. Mikate itageuka yenyewe kama bata. Ikikataa kugeuka, mafuta ni kidogo ao unga ni muzito.

Mafuta hayo ndiyo yenye kutuletea vilio vya Noeli. Chora kwa makala duara ya meta moja kuzunguka mbabula, na mutoto ajue: ndani ya duara haingii. Mbabula isimame juu ya udongo sawasawa, si juu ya matofali yenye kucheza. Mafuta yakiwaka moto, msimwangie maji hata tone. Funikeni sufuria na kifuniko ao sahani ya chuma, muiache ipoe. Na mutoto akiungua, ni maji safi ya baridi yenye kutiririka, dakika 20 nzima kwa saa, hata akilia. Tusipake mafuta, dawa ya meno, yai, wala udongo. Ninajua mabibi watanikasirikia juu ya yai. Lakini manganga ndio wanaobaki kulitoa juu ya kidonda. Funika na kitambaa safi, mupeleke lupitali.

Kalanga za sukari ni rahisi: vikombe viwili vya kalanga, kimoja cha sukari, nusu ya maji, ukoroge juu ya moto mudogo mupaka maji yanakauka na sukari inashika kalanga. Sukari iliyoyeyuka inaunguza kupita maji ya moto kwa sababu inashika ngozi, basi hakuna kuonja kwa kidole. Na mutoto wa chini ya miaka mitano asipewe kalanga nzima, mutwangie. Kalanga moja ikiingia njia ya pumzi, hawezi kukohoa wala kulia: muinamishe mbele, umupige mara tano kati ya mabega kwa kiganja, na mwingine akimbie kutafuta motoka.

Kwa kunywa, kwa nini tununue limonade wakati tuko na munkoyo? Pika uji mwepesi wa muhindi, uache upoe mupaka kidole kinavumilia, tia mizizi ya munkoyo iliyotwangwa, koroga. Utaona uji unakuwa maji mbele ya macho yako. Watoto wanafikiri ni muujiza. Toa mizizi, uchuje, unywe kesho yake. Mbele ya siku nyingi kupita ni kitamu cha watoto. Kisha inaanza kuwa pombe, na wababa fulani wanajua kuhesabu siku. Mizizi ununue kwa mama anayeiuza kila mwaka na ambaye unamujua. Mutoto asitumwe kuichimba porini, kuna mizizi yenye kufanana ambayo inaua. Ni vile vile kwa uyoga wa mwezi huu.

Maji yachemshwe. Mvua inaosha vyoo vyetu mupaka ndani ya visima, na kolera haipumziki Noeli.

Wakati mvua inapiga

Hapa nikae kidogo. Noeli yetu ni ya mvua. Mama anapika inje, mvua inaanguka, anaingiza mbabula nyumbani, anafunga mulango juu ya baridi. Watoto wanalala pembeni, wote wanafurahia joto. Makala yakiwaka katika nyumba iliyofungwa yanatoa hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, haikohozi mutu. Kichwa kinaanza kuuma, tumbo linataka kutapika, usingizi unakuja, na jamaa nzima inaweza kuamkia mbele ya Mungu. Nimeshazika. Mbabula ibaki chini ya baraza. Kama imeingia, mulango na dirisha vikae wazi, na itoke mbele ya kulala hata kama majivu tu ndiyo yamebaki. Ukikuta watu wamelala hivyo na hawaamuki vizuri, usianze kuwauliza maneno: fungua kila kitu, uwavute inje, lupitali.

Umeme ukikatika usiku wa ibada, mushumaa usimame ndani ya sahani yenye muchanga, mbali na pazia na chandarua, na kwenye muti wa Noeli mushumaa haupande kabisa. Petroli ya taa isikae katika chupa ya limonade. Mutoto hasomi, anaona chupa. Akiinywa, usimutapishe, kwa sababu ikirudi inaingia mapafuni. Mupeleke haraka na ile chupa mukononi.

Inje ni maembe, na matawi yameloa. Kila mwezi wa kumi na mbili mikono ya watoto inavunjika chini ya miti ya maembe. Tafuteni fito ndefu yenye kikapu kidogo mbele, hiyo nayo ni kazi ya mikono ya baba. Ngurumo ikianza, kila mutu ashuke na kuacha muti. Siku yenyewe ya Noeli, watoto wanapotembea kujionyesha nyumba kwa nyumba, andika namba ya simu yako kwa kalamu kwenye mukono wa mudogo, na umukataze barabara ya malori ya madini.

Kitu cha mwisho ndicho kinachonishika moyo. Vijana wanapenda kupiga fataki za vichwa vya kiberiti kuaga mwaka, hiyo peke yake ni mubaya ya kutosha kwa vidole na macho. Lakini katika mashimo yetu kunabaki pia vibomba vidogo vya chuma ao shaba, virefu kama kidole ao kupita kidogo, wakati mwingine na waya mbili zenye rangi. Vinaitwa detonateri. Mutoto anayetafuta waya kwa motoka yake anaweza kuona ni zawadi toka mbinguni. Akikipiga na jiwe, ao akikitupa motoni, mukono unaenda. Wafundisheni hivi: usiguse, simama, weka alama mbali kidogo, ita mukubwa, na mukubwa aite polisi ao walinzi wa kampuni.

Torati inajua mambo haya. Kutoka 21, mustari wa 33 na wa 34, inaamuru mutu aliyechimba shimo bila kulifunika alipe, kama ngombe ao punda wa mwenzake ataanguka ndani. Nimeisoma mbele ya wachimbaji wa kanisa letu, na siku ya posho mumoja alinijibu: «Pasta, kama ni kulipa ngombe, mutoto basi?» Tangu hapo wanne kati yao wanapita kila mwaka katika juma la Noeli kufunika mashimo yaliyo karibu na nyumba na magogo na miiba, na kufukuza watoto wanaoenda kuoga ndani ya mashimo yaliyojaa maji. Hawalipwi. Wanaomba tu mama zetu wawawekee mikate.

Kwetu, juma la tatu la mwezi huu, siku ya posho kisha chakula cha muchana, tutakaa pamoja inje ya kanisa. Wababa walete waya na koleo, wamama mabaki ya kitenge na sindano, vijana matete. Unga wa gundi uko tayari. Mwenye koleo mbili alete zote, kwa sababu mwaka uliopita tulikuwa na moja tu, na motoka saba zilibaki bila usukani.